Balbu ya Dola Tatu

Simu ilinipata saa nane na dakika kumi usiku.
"Odell, njoo uvute gari. Barabara ya Mansfield,
ukishapita kituo cha mafuta. Sedani ya kijivu."
Hakutaja mwenye gari. Kazi yangu haimuulizi.
Miaka kumi na tisa navuta magari Shreveport,
nimejua kufunga mnyororo na kufunga mdomo.

Nilipofika, wenye magwanda walikuwa wakijaza fomu
juu ya boneti, mmoja anapuliza kahawa.
Gari la wagonjwa lilikwisha kuondoka.
Indiketa ya kulia bado ilikuwa inapepesa,
tik, tik, tik,
maana kijana aliiwasha alipoamriwa kusimama,
akaegesha kando vizuri, matairi sawa na mstari,
na hakuna aliyekumbuka kuizima.

Mlango umeachama. Kioo kimekuwa chumvi ya mawe
kitini. Mkanda haukufunguliwa,
umekatwa kwa kisu.
Leseni iko chini, karibu na pedali ya mafuta:
Guillory, Tavarus. Miaka ishirini na sita. Huvaa miwani.
Kumbe alikuwa ameshaitoa.

Askari mmoja, mgeni kazini, akanisogelea.
Kamera kifuani mwake, kijitaa chake kizima, ikinitazama.
Sikumuuliza kitu. Akanijibu hivyo hivyo,
kama mtu anayejizoeza maneno ya ripoti:
"Tulimwambia mikono juu. Tulimwambia alete leseni.
Tulimwambia ashuke."
Nikahesabu kimoyomoyo.
Amri tatu. Mikono ya mtu ni miwili.
Na mkanda hufunguliwa kwa mkono.

"Kosa lake?"
"Taa ya nyuma. Ya kushoto."

Nikalivuta. Taa za mji zikanipita moja moja, nzima zote.
Kila nikitazama kioo changu, lile gari lanifuata kwa adabu,
limeinua pua
kama mtu anayezuia damu.

Yadini nikalishusha. Ningeenda kulala.
Badala yake nikatafuta bisibisi,
nikafungua kifuniko cha taa, nikaitoa balbu,
nikaitikisa sikioni: waya mwembamba kuliko unywele
ulikuwa ukigonga kioo ndani.
Nikachukua nyingine rafuni. Dola tatu. Dakika nne,
na moja katika hizo niliipoteza nikitafuta skrubu iliyoanguka.
Ikawaka nyekundu, safi,
imechelewa.

Kisha sijui kwa nini nikapangusa kiti, nikaketi.
Mikono ikaenda yenyewe kwenye usukani, vidole wazi,
"ndiyo, bwana" ikiwa tayari ulimini kabla ya swali.
Baba alinifundisha hayo
kabla hajanifundisha gia.

Alhamisi akaja dada yake, Ernestine,
aproni ya jikoni bado kiunoni, unga kwenye kiwiko.
Nikampa karatasi:
kuvuta, dola mia na sitini na tano,
gari kulala yadini, dola thelathini kwa usiku, usiku nne,
saini hapa, na hapa.
Akaisoma mpaka chini, akarudi juu.
"Na usiku anaolala yeye kule," akasema,
"mashine ikimpumulia,
huo nao mnautoza nani?"

Fomu yangu haikuwa na nafasi ya kujibu.
Ningeweza kufuta zile usiku nne. Mwenye yadi angenikata mshahara.
Nilifuta mbili.
Mpaka leo najiuliza kuhusu zile mbili nilizoziacha.

Ya balbu sikumwambia.
Angelifanyia nini neno hilo?
Akatandika taulo juu ya kiti, akafunga plastiki dirishani,
akautazama ule mkanda, akaufunga fundo kifuani,
fundo la kamba ya mzigo,
akaondoka mwendo wa mtu anayebeba maji.
Langoni akasimama. Taa zote mbili zikawaka.
Akaiwasha indiketa. Barabara ilikuwa tupu,
kushoto hakuna, kulia hakuna,
naye akakaa pale, akakaa,
hakuingia.